Nani Ana Muda wa Kurasa 766?

Jumamosi moja mwezi uliopita, kikundi chetu kidogo cha usomaji hapa Mazimbu kilikaribia kuvunjika. Sababu haikuwa siasa za vyama, wala imani, wala michango ya harusi, mambo ambayo kwa kawaida ndiyo huwagombanisha watu wazima. Sababu ilikuwa kitabu. Wenzangu kumi na mmoja, wengi wao wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu, pamoja na watumishi wawili wa umma na mwalimu mmoja mstaafu wa sekondari, waligawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga waliokutanishwa kwenye baraza moja. Mimi niliyekipendekeza kitabu hicho nikageuka mshtakiwa.

Kitabu chenyewe ni Mũrogi wa Kagogo cha Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki dunia tarehe 28 Mei 2025. Kwa Kiswahili tungekiita Mchawi wa Kunguru. Neno mũrogi ni ndugu wa damu wa mlozi wetu na wa kitenzi kuroga. Kiliandikwa kwa Kikuyu, kikaanza kutoka kwa mafungu mwaka 2004, kisha mwandishi mwenyewe akakitafsiri kwa Kiingereza na kukitoa mwaka 2006 kikiwa na kurasa 766. Hiyo ndiyo tafsiri tuliyoisoma sisi, nakala tatu zikizungushwa kwa zamu miongoni mwa watu kumi na wawili.

Ni riwaya ya tatu ya Ngũgĩ kwa lugha ya mama yake. Ya kwanza, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Shetani Msalabani, aliiandika akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni. Ya pili, Matigari, ilimtia hofu mtawala wa Kenya wa wakati huo hata polisi wakaagizwa wamtafute Matigari, mtu asiyekuwapo popote isipokuwa kitabuni, kabla ya nakala zenyewe kuzolewa madukani mwaka 1987. Katika vitabu hivi vitatu njozi imepanda daraja kwa daraja. Kwanza tukaoneshwa wezi wakishindana hadharani kujisifia wizi wao. Halafu mpiganaji asiyekamatika anayetoka msituni kutafuta haki. Na mwisho nchi nzima ya kubuni, Aburĩria, ambamo watu huvimba kama mapulizo na maneno hukwama kooni. Njozi ilipopanda, kurasa nazo zikapanda. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

Kambi ya kwanza ilisema kitabu ni kizuri lakini kimenenepa kupita kiasi. Msemaji wao, kijana anayesomea ualimu wa hisabati, alikuja na daftari lenye orodha. Alikuwa amehesabu mara ambazo tukio lile lile limesimuliwa upya: kwanza na msimulizi, kisha na mhusika aliyekuwapo, kisha na askari aliyesikia, kisha na waziri anayemripotia Mtawala. "Mwalimu," aliniambia, "hadithi hii ingetosha kurasa mia mbili na hamsini. Mwandishi ametuibia miezi miwili."

Kambi ya pili ilikuwa ya waliokisoma usiku na mchana, wakasikitika kilipokwisha. Humo alikuwamo binti mmoja wa mwaka wa tatu aliyesema kuwa sehemu ambayo wavulana waliiruka ndiyo aliyoisoma mara mbili: pale wanawake wanapounda mahakama yao wenyewe na kumwadhibu tajiri aliyempiga mkewe. "Mkiondoa kurasa mnazoziita za ziada," alisema, "mtakuwa mmetuondoa sisi." Baraza lilinyamaza kidogo.

Kambi ya tatu haikuwa imekisoma kitabu. Ilikuwa imesoma muhtasari. Vijana wawili waliiomba akili mnemba iwafupishie, wakapata aya sita safi zisizo na kosa la sarufi, na kwa aya hizo sita wakaja kubishana na watu waliosoma kurasa 766. Nakiri walibishana vizuri. Kwa muda wa nusu saa hakuna aliyegundua.

Kabla sijawahukumu vijana hao, yanipasa nijihukumu mwenyewe. Nilikipata kitabu hiki zamani kidogo, nikakianza kwa shauku, nikafika ukurasa wa mia mbili hivi, nikakiweka rafuni. Sikukirudia. Hata hivyo kwa miaka kadhaa nilikitaja katika mihadhara, nikawaeleza wanafunzi maana ya mnara wa Aburĩria na uvimbe wa Mtawala kana kwamba nimefika ukurasa wa mwisho, ilhali nilikuwa nimeyaokota kwenye tahakiki za wengine. Hakuna aliyenishuku. Nilikimaliza mwaka huu tu, kwa sababu nilijua safari hii nitaulizwa maswali. Kwa hiyo ninayoandika hapa si maneno ya mwalimu mwenye haki ya kuwakemea wanafunzi. Ni maneno ya mtu aliyefanya kosa lile lile kwa muda mrefu zaidi, tena akilipwa mshahara.

Tuanze na hoja za wanaolalamika, maana zina uzito. Hata wahakiki wakubwa walilalamika. John Updike, mwandishi mashuhuri wa Marekani, alipokiandikia katika gazeti la The New Yorker mwaka 2006, aliona kwamba hasira imezidi uchambuzi. Nami nikiri wazi: zipo kurasa ambazo mhariri mkali angezikata bila damu kutoka. Safari ya Mtawala kwenda New York kuomba mkopo imevutwa mno. Mwisho nao umejaa mapinduzi na majina mapya hata msomaji anachanganyikiwa. Tena ipo hoja ya mfuko. Kitabu kinene ni ghali, na mwanafunzi anayegawa fedha yake ya kujikimu baina ya chakula, nauli ya daladala na vocha hana sababu ya kumwabudu mwandishi anayependa maneno. Anayesema "urefu ni gharama" hajakosea.

Lakini kusema kitabu ni kirefu ni jambo moja, na kuuliza urefu huo unafanya kazi gani ni jambo jingine. Swali la pili hatukuliuliza mpaka tulipokuwa tumekwisha kukasirikiana.

Chukua mfano wa foleni. Kamĩtĩ ni kijana msomi aliyerudi kutoka India na shahada zake, anatembea mjini Eldares akitafuta kazi hadi njaa inamwangusha. Anafika kwenye ofisi ya mfanyabiashara Tajirika, anadhihakiwa, na kazi hapati. Baadaye habari zinaenea kwamba Tajirika ameteuliwa kusimamia ujenzi wa mnara ambao Mtawala ameahidiwa siku ya kuzaliwa kwake, mnara mrefu wa kufika mbinguni ili awe anazungumza na Mungu kila siku. Mara moja mbele ya ofisi panazuka foleni mbili. Moja ni ya maskini wanaotaka kazi. Nyingine ni ya wakubwa wenye bahasha, wanaotaka zabuni kabla mkopo wenyewe haujatolewa na Benki. Foleni ya wasaka kazi inarefuka, inakata mitaa, inazunguka jiji, na watu wanajiunga nayo bila kujua kichwa chake kiko wapi.

Ule muhtasari wa aya sita ulikuwa na sentensi moja tu juu ya jambo hili: kwamba foleni zinaashiria ukosefu wa ajira. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini haimfanyi mtu asimame kwenye foleni. Msomaji wa kitabu anasimama. Anachoka. Anajiuliza itakwisha lini, na kuchoka huko ndiko mwandishi alikotaka akufikishe. Kila mhitimu aliyewahi kubeba bahasha ya vyeti kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kwenda kwenye usaili wa nafasi chache ulioitikiwa na maelfu, anajua kwamba foleni haina muhtasari.

Au chukua mfano wa Rachael, mke wa Mtawala. Alithubutu kumuuliza mumewe kuhusu mabinti wa shule anaowalaza kitandani. Adhabu yake ni kufungiwa katika nyumba ambamo wakati umesimamishwa: saa hazisogei, nguo ni zile zile, chakula ni kile kile cha usiku ule aliouliza swali. Ataishi humo mpaka alie na kuomba msamaha. Udikteta hauhitaji kumuua kila mtu. Wengine huwasimamishia saa tu. Sasa mwandishi anayetaka kueleza utawala wa namna hiyo, utawala uliojipanga kukaa milele, ataueleza kwa kurasa ngapi? Ngũgĩ aliondoka kwao mwaka 1982 na kurudi mwaka 2004, baada ya miaka 22 ya uhamisho, na mwezi ule ule wa Agosti yeye na mkewe wakavamiwa na watu wenye silaha jijini Nairobi. Mtu huyo alikuwa na hesabu yake ya urefu wa mambo.

Hoja ya kurudiarudia nayo inahitaji jibu kutoka nyumbani. Wenzangu walisema kwamba riwaya nzuri haisimulii jambo mara mbili. Nani aliyetufundisha hivyo? Tumrudie Shaaban Robert. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni njozi ya nchi inayoelea angani. Mshtakiwa, Karama, anajitetea kwa siku sita, na utetezi wake ni hadithi za wajumbe sita waliotumwa pande sita za dunia. Kila mjumbe anaondoka, anateseka, anarudi na mawazo mema, na kila mmoja nchi yake inamlipa adhabu. Mara ya kwanza tunasikitika. Mara ya tatu tunakereka. Ifikapo mara ya sita tumekwisha kuelewa kwamba hapa hapakuwa na bahati mbaya. Huo ndio utaratibu wa serikali. Angetoa mfano mmoja, tungesema lilikuwa kosa la hakimu mmoja.

Zaidi ya hapo, sisi ni watu wa tendi ndefu. Utenzi wa Ras il-Ghuli una maelfu ya beti, na wapo waliousikiliza usiku kucha bila kuuliza ubeti wa mwisho uko wapi. Katika hadithi za Alfu Lela Ulela, binti anarefusha simulizi kwa sababu siku itakapokwisha, shingo yake nayo imekwisha. Urefu ulikuwa uhai. Upande wa pili, Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba viwili vya njozi vinavyofuatana, wasomaji walilalamika pia. Safari hiyo walisema mwandishi amebana mno na haeleweki, na wapo waliokataa hata kuviita riwaya. Basi Ngũgĩ amelaumiwa kwa kusema mengi mno, na Kezilahabi amelaumiwa kwa kusema machache mno. Nadhani lawama zote mbili zina mzizi mmoja. Njozi inapokataa kutupatia maana kwa haraka, tunaipima kwa rula.

Nieleze kilichotokea wiki mbili baada ya ule ugomvi, maana kiliniathiri kuliko hoja zote.

Tulikutana jioni na umeme haukuwapo. Giza lilikuwa limekwisha kuifunika milima ya Uluguru, na kwa mwanga wa simu hatukuweza kusoma. Yule mwalimu mstaafu, mzee wetu, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya, akasema: "Basi niwasimulie." Akaanza kumsimulia konstebo Arigaigai Gathere, yule askari anayekwenda baa hadi baa akieleza jinsi alivyokutana na Mchawi, na kila akinunuliwa kinywaji hadithi inaongezeka kipande. Askari huyo huapa kwa maneno ambayo hata katika toleo la Kiingereza yameachwa kwa Kiswahili: haki ya Mungu. Mzee akayatamka kwa sauti ya mlevi anayetaka kuaminiwa. Akarudia alipotaka kurudia. Akaongeza chumvi yake. Aliigiza Kamĩtĩ na mwenzake Nyawĩra wakikimbizwa usiku na polisi, Kamĩtĩ akibandika tangazo la uganga mlangoni kama hila ya kumtisha askari, na askari kesho yake akirudi kwa unyenyekevu kuomba tiba. Ilipita saa nzima na nusu. Yule kijana wa hisabati, mwenye daftari la makosa ya kurudiarudia, alikuwa wa kwanza kusema, "Endelea, mzee."

Nilijua basi tulipokosea. Tulikuwa tumekisoma kimya, kila mtu peke yake, kwa Kiingereza, kitabu kilichoandikwa ili kisikike. Ngũgĩ aliwafikiria watu wanaosomeana kwa sauti nyumbani, ndani ya basi na kwenye vilabu vya pombe, kama ilivyowahi kufanyika kwa Shetani Msalabani katika lugha yake ya asili. Kurudia, katika masimulizi ya mdomo, ni heshima kwa aliyechelewa kufika.

Sitaki kuipamba habari hii kupita kiasi. Taa ziliporudi, nilimwuliza yule kijana kama amebadili msimamo. Akatabasamu. "Mwalimu, simulizi nimeipenda. Kitabu bado ni kirefu." Sikuwa na la kumjibu, na sidhani kwamba nilipaswa kuwa nalo.

Kama suala lingekuwa hilo tu, la ladha ya wasomaji, nisingewachosha nalo wasomaji wangu. Lakini alikuwapo pia mama mmoja, mtumishi wa halmashauri, aliyeniomba tuzungumze pembeni. Yeye alikimaliza kitabu na hakukipenda hata kidogo. Nikadhani atalalamikia urefu. Hapana. Alisema kilimkosesha usingizi kwa ajili ya mawaziri.

Wanaokijua kitabu wanawakumbuka. Machokali alikwenda London kupanuliwa macho hadi yakawa kama taa za umeme, ili awaone maadui wa Mtawala popote wajifichapo. Mwenzake Sikiokuu, kwa wivu, akaenda kupanuliwa masikio, ili asikie kila mnong'ono. Wa tatu, Mambo, akarefushiwa ulimi ili sauti ya Mtawala ifike mbali. Msomaji wa London au Chicago anahitaji kuelezwa majina hayo. Sisi tunacheka papo hapo, kwa sababu ni majina yetu, na utani ni wetu. Mama yule alicheka pia, mwanzoni. "Lakini, Dokta," aliniambia, "Sikiokuu hakuanza na masikio makubwa. Katika ule muhtasari wa vijana wetu, anatokea nayo tayari. Kitabuni nimemwona anavyofika hapo. Leo anajipendekeza kidogo, kesho anapeleka jungu, keshokutwa anaogopa kwamba mwenzake amejipendekeza zaidi. Mimi nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo miaka kumi na tisa. Nimewahi kupeleka jungu."

Sikumwuliza ni jungu gani. Nilimshukuru.

Siku hizi tumepata neno la mtaani kwa watu wa aina ya Sikiokuu. Tunawaita "chawa", na tumelizoea hata limeanza kutamkwa kwa majivuno. Tunawacheka chawa kwa picha na vibonzo vya sekunde thelathini, kisha tunasogeza kidole. Kicheko hicho kifupi hakimgusi mtu, kwa sababu chawa kwenye kibonzo daima ni mtu mwingine. Kilichomgusa mama yule ni muda. Alikaa na Sikiokuu kwa wiki tano, akamzoea, akamwelewa, na alipomwelewa ndipo alipojitambua. Hili ndilo jambo ambalo kazi ndefu inaweza kulifanya na fupi kwa shida: kukuweka karibu na mtu unayemdharau mpaka uone kwamba mnafanana.

Hapa nageukia wanafunzi, wanaharakati na watumishi wenzangu wa umma, kwa sababu kwetu uvumilivu wa kurasa si anasa ya wapenda riwaya. Ni suala la nani anatawala na nani anatawaliwa.

Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti zake, mamia kwa mamia ya kurasa. Kila mwaka taifa husoma vichwa vya habari vitano, hukasirika kwa wiki moja, kisha husahau. Aliyekula fedha katika jedwali la kurasa za ndani hulala salama, akijua kwamba hakuna atakayefika huko. Mwishoni mwa mwaka 2013 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikabidhi rasimu ya pili ya Katiba, yenye ibara zaidi ya 200 kuhusu haki, maadili ya viongozi, Bunge na mengine mengi. Mjadala wetu wa kitaifa juu yake ulifupishwa ukawa maneno mawili: mbili au tatu? Idadi ya serikali ilikuwa hoja kubwa, sikatai. Lakini tulibishana juu ya hoja hiyo kwa miezi huku sura nyingine nzima zikipita bila macho ya wananchi. Na mwaka 2017 miswada mikubwa kuhusu maliasili za nchi ilipelekwa bungeni kwa hati ya dharura na kupitishwa ndani ya siku chache. Waliounga mkono na waliopinga walikuwa na hoja zao, na wengi wetu tuliziunga mkono au kuzipinga kabla ya kuusoma hata mmoja.

Mtindo ni huo huo. Mikataba ni mirefu. Sheria ni ndefu. Kanuni zake ni ndefu zaidi, na pingu nyingi hufichwa kwenye kanuni. Asiyeweza kukaa na maandishi marefu atatawaliwa na yule aliyeyaandika, na atatawaliwa kwa furaha, kwa sababu atakuwa amepewa muhtasari mzuri. Mtumishi anayesaini dokezo kwa kusoma aya ya mwisho tu, na mwanaharakati anayeandika tamko dhidi ya muswada ambao hajaufungua, wako kwenye foleni moja na mimi niliyefundisha kitabu ambacho sikuwa nimekimaliza. Kichwa cha foleni hiyo hatukioni.

Sisemi kwamba kila kirefu ni kizuri. Hotuba za Mtawala wa Aburĩria nazo ni ndefu, na yapo maandiko mengi ya serikali na ya vyuo, yakiwemo yangu, ambayo urefu wake ni njia ya kumficha msomaji jambo. Haki ya msomaji kuuliza "kwa nini umetumia maneno mengi hivi?" lazima ilindwe. Ninachoomba ni kwamba swali hilo liulizwe na mtu aliyesoma. Kijana wetu wa hisabati amelipata haki hilo kwa jasho lake. Daftari lake la makosa nimeliheshimu kuliko sifa za wengi waliokipenda kitabu kwa jumla jumla.

Tunaishi mahali panapopaswa kutufundisha jambo hili. Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge lililoachwa, Tanzania ikawapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini baada ya vijana kukimbia risasi za Soweto za mwaka 1976. Wakajenga hapa shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Walijenga madarasa, maktaba, karakana na hospitali bila kujua watakaa miaka mingapi. Mwaka 1992 wakaikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Yapo makaburi hapa ya watu waliokufa kabla ya ukurasa wa mwisho wa hadithi yao. Nikipita pale jioni huwa najiuliza kama kuna aliyewahi kuwaambia kwamba mapambano yao yamerefuka mno, yangefaa kufupishwa. Bila shaka walikuwapo. Na bila shaka nao walichoka.

Kikundi chetu hakikuvunjika. Tulifikia maafikiano ambayo hayakumridhisha mtu yeyote kikamilifu, na pengine ndiyo sababu yamedumu. Tumekubaliana kwamba kitabu kirefu kijacho kitasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, sura moja kila Jumamosi, na kila mmoja atakuwa na ruhusa ya kusema "ruka" ilimradi aeleze sababu. Wale vijana wawili wa muhtasari wameanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Mmoja amekwama kwenye foleni, mwingine ametangulia. Mama wa halmashauri amesema hatasoma tena njozi, atasoma historia. Nimemwambia asitarajie usingizi huko pia.

Na mimi nimekuta rafuni vitabu vingine vinne ambavyo nimewahi kuvifundisha bila kuvimaliza. Nimevishusha mezani, na nimeanza na kile kinene.